Je, Wajua? Dereva Mmoja, Mikono Mingi

Pasaka katika mitaa ya Eastlands, Nairobi, ilikuwa na milio miwili: kengele za kanisa na redio. Kuanzia Kaloleni na Maringo hadi Jericho na Buruburu, wazee waliinamia redio ya Sauti ya Kenya wapate kujua ni gari gani la Safari Rally limepita wapi na lipi limezama matopeni. Nje ya nyumba watoto walikuwa na Safari yao wenyewe. Walikimbiza magari ya waya kwenye vumbi, na kila mmoja alijitwika jina la dereva. Aliyetaka kuwa Shekhar Mehta ilibidi aamke mapema, maana akina Mehta walikuwa wengi kuliko magari.

Majina ya madereva tuliyajua kama tulivyojua ya majirani. Lakini nyuma ya kila dereva kuna mwelekezi anayemsomea njia, fundi anayelala chini ya gari, rubani anayemwangalia kutoka juu, na muuza magari anayeomba Mungu gari lake lifike. Leo nimekuletea habari zao. Kaa vizuri, maana nyingine zitakushangaza!

Safari Rally ilizaliwa kwa sababu mtu alikataa kuzunguka

Inasimuliwa kwamba Neil Vincent alipoalikwa na binamu yake, Eric Cecil, kwenye mbio za uwanjani, alijibu kuwa haoni kinachochosha kama kuzunguka mahali pamoja. Afadhali, alisema, watu waingie garini, wavuke nusu ya Afrika na kurudi, na atakayefika wa kwanza ndiye mshindi. Mwaka 1953, kuanzia tarehe 27 Mei hadi 1 Juni, wazo hilo likawa mbio kamili zilizopita Kenya, Uganda na Tanganyika, zikipewa jina la kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili. Jina hilo la kifalme lilikuja kuachwa, likabaki neno letu la Kiswahili, safari, ambalo leo mashabiki wa magari hulitamka Japani, Ufini na Argentina bila kuhitaji mkalimani.

Mwanzoni, magari yalipangwa kwa bei yake dukani

Katika mbio nyingi duniani, magari hupangwa madaraja kwa ukubwa wa injini. Safari ya kwanza iliyapanga kwa bei ambayo mwananchi angelipia dukani, na mwaka huo wa 1953 hakutangazwa mshindi mmoja wa jumla. Kila daraja lilikuwa na bingwa wake.

Fikiria maana yake kwa mfanyabiashara. Mteja mwenye pesa kidogo aliweza kuona kwa macho yake ni gari gani la kiasi chake limevuka mto na kurudi. Barabara yenyewe ilikuwa tangazo, na tope ndilo lililokuwa mhakiki.

Magari 84 yaliondoka, 7 yakarudi

Hiyo ilikuwa 1963. Wachukue madereva wote walioanza mwaka huo, uwapakie kwenye matatu za watu 14: watajaza matatu sita pomoni. Waliofika mwisho wangeketi kwenye nusu ya matatu moja tu, na viti vikabaki.

Mashabiki walidhani hawataona tena jambo kama lile. Mwaka 1968 yakaanza magari 93, mvua ikamwagika, na waliomaliza wakawa saba vilevile! La ajabu zaidi, miaka yote miwili mshindi alikuwa yuleyule, Nick Nowicki, pamoja na mwelekezi wake Paddy Cliff, katika Peugeot 404. Mara moja tungesema ni bahati. Mara mbili, hao ni watu wawili waliojua kwamba katika mbio ndefu wenye haraka hushindwa.

Bingwa wa 1965 aliendesha gari la mtumba

Watu wa Gikomba, hii ni yenu. Joginder Singh, mzaliwa wa Kericho mwaka 1932, alishinda Safari ya 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwisha kutumika, iliyokuja kwa mbio za mwaka uliotangulia na kuachwa hapa. Aliyemsomea njia alikuwa ndugu yake, Jaswant. Waliwaacha waliowafuata kwa zaidi ya saa moja na nusu, muda wa kutoka mjini hadi Kayole jioni ya mvua.

Siri ya Joginder ilianzia kwenye kazi yake. Kabla ya umaarufu alikuwa fundi wa doria wa chama cha wenye magari, akitumwa barabarani kuwasaidia waliokwama. Mtu aliyekwisha kufufua magari ya wengine mvuani hababaiki lake linapokohoa. Alishinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi, na katika Safari 22 alizoshiriki alifika mwisho mara 19. Alifariki mwaka 2013, na hadi leo mzee wa gereji akitaka kumsifu kijana anayejua gari, jina la Joginder halikosekani.

Walilingana baada ya maelfu ya kilomita

Mwaka 1973 Safari iliisha na washindi wawili kwenye karatasi. Shekhar Mehta na Harry Källström wa Uswidi, wote katika Datsun, walikuwa na adhabu sawasawa baada ya siku kadhaa za vumbi na matope. Ikabidi waangaliwe kwa swali moja: nani alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza? Jibu likawa Mehta.

Kijana huyo alizaliwa Kampala mwaka 1945. Mwaka mmoja tu kabla ya ushindi ule, Idi Amin alikuwa amewafukuza Waasia, na familia ya Mehta ikahamia Kenya. Nchi iliyompokea ilipata bingwa, na si wa siku moja: alishinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Miaka minne mfululizo! Hakuna dereva mwingine aliyewahi kufanya hivyo kwenye Safari. Mitatu mfululizo, mtu angesema gari. Minne, huyo ni mtu.

Wageni walijaribu kwa miaka 19 bila kushinda

Ulaya ilikuwa na viwanda, fedha na madereva wa kulipwa. Afrika Mashariki ilikuwa na watu walioijua njia. Tangu 1953 hadi 1971 kila ushindi ulibaki kwa wakazi wa hapa, wakiwemo Bert Shankland na Chris Rothwell kutoka Tanzania, walioshinda 1966 na 1967. Mwaka 1972 ndipo Hannu Mikkola wa Ufini na Gunnar Palm wa Uswidi walipokivunja kizingiti, katika Ford Escort.

Miaka 19 ni umri wa mtu anayechukua kitambulisho na kupiga kura. Muda wote huo fedha za ng'ambo zilishindwa na mtu aliyejua ni kona gani hujaa maji Aprili.

Gari la bingwa ndilo lililokupeleka ushago

Kati ya 1963 na 1978 Peugeot ilishinda Safari mara 6: mara 4 kwa 404 na mara 2 kwa 504. Sasa muulize nyanya yako alikuwa akisafiri kwa gari gani kwenda Nyeri au Kisumu. Atakuambia, "Tulipanda Peugeot." Lile la mabati marefu nyuma, viti vya safu tatu, abiria magoti kwa magoti, mizigo juu na kuku chini.

Hapo ndipo biashara ya mbio ilipokuwa na akili. Mwenye kutaka gari la abiria hakuhitaji maneno mengi ya muuzaji. Alikwisha kusikia redioni kwamba aina hiyo imepita palipowashinda wengine. Familia ngapi za Eastlands zilifika harusini na matangani salama kwa sababu mhandisi mmoja Ufaransa alijifunza kutoka kwa mashimo yetu!

Datsun ilishinda mara 7 katika mbio 13

Hesabu mwenyewe: 1970, 1971, 1973, kisha minne ya Mehta. Nyuma ya magari hayo alisimama muuza magari wa Nairobi, kampuni ya D.T. Dobie, ambayo mafundi wake waliyaandaa na kuyahudumia barabarani. Baadaye Datsun ikabadilisha jina kuwa Nissan.

Na sasa jiulize kwa nini mtu wa Umoja au Dandora huita matatu yoyote ya watu 14 "Nissan", hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine kabisa. Jina likishinda barabarani, huacha kuwa la kampuni likawa la kila kinachofanana nalo.

Injini ndogo kuliko pikipiki sita

Mwaka 1993 Patrick Njiru aliingia Safari na Subaru Vivio, gari dogo kiasi kwamba ukiliegesha kando ya nganya ungedhani ni kifurushi kilichoanguka kutoka ndani. Injini yake ilikuwa ya cc 660 hivi. Boda boda sita zinazongoja abiria pale stendi ya Donholm zina injini kubwa zaidi zikijumlishwa pamoja. Njiru alifika wa 12 kwa jumla, akachukua daraja lake.

Ndani ya Vivio nyingine siku hiyo alikuwamo kijana wa Scotland aitwaye Colin McRae. Yeye hakufika mwisho. Mkenya ndiye aliyefika! Mwaka uliofuata, Subaru ilimpa Njiru gari kubwa, Impreza, naye pamoja na mwelekezi wake Abdul Sidi wakamaliza wa nne. Kwa watoto wa mitaa yetu waliozoea kuona mbio hizi kama mchezo wa watu wa mbali, kumwona Njiru pale mbele kulifungua dirisha ambalo halijafungwa tena.

Mwana aliyepewa jina la dereva, akaenda kushindana kwenye theluji

Yule McRae wa Vivio alijifunza somo lake. Alirudi akashinda Safari ya 1997, ya 1999 na ya 2002. Jina lake lilipendwa hapa kiasi kwamba dereva Phineas Kimathi, ambaye baadaye aliongoza mchezo huu nchini, alimpa mwanawe: McRae Kimathi.

Mtoto akalitendea jina haki. Februari 2022, pamoja na mwelekezi Mwangi Kioni, alishindana kwenye mbio za Uswidi, ambako njia ni barafu na kingo ni kuta za theluji. Kwa mtu aliyekulia kwenye vumbi la Kenya, huko ni kama kumchukua samaki wa Nam Lolwe, yaani Ziwa Victoria, ukamwambia apande mti. Naye alipanda.

Anayekaa kando ya dereva huweza kuja kuitawala dunia

Mwelekezi ndiye anayesoma kona kabla haijaonekana. Siku chache kabla ya mbio yeye na dereva hupita njia taratibu, wakiandika kila mpindo, jiwe na daraja. Siku yenyewe humsomea dereva kwa sauti, sentensi baada ya sentensi. Ukitaka mfano wa karibu, mwangalie makanga mzuri wa Jogoo Road. Dereva ameshika usukani, lakini anayejua askari yuko wapi, foleni imeanzia wapi na abiria anashukia wapi ni makanga.

Basi kazi hiyo hufundisha uongozi. Jean Todt wa Ufaransa alianza kama mwelekezi, akaja kuiongoza Ferrari katika Formula 1, kisha akawa rais wa FIA, shirikisho la magari duniani, na ndiye aliyekuwa rais Safari iliporudi kwenye ubingwa wa dunia mwaka 2021. David Richards alimsomea njia Ari Vatanen wakatwaa ubingwa wa dunia wa 1981. Baadaye akajenga kampuni ya Prodrive, iliyoandaa Subaru ya McRae, na akaongoza timu ya Formula 1 pia. Anayejifunza kuona kona ya mbele kwa niaba ya mwingine, siku moja hukabidhiwa ramani nzima.

Formula 1 ina deni kwa tope la Kenya

Carlos Sainz unayemwona kwenye Formula 1 ni mtoto wa Carlos Sainz aliyeshinda Safari ya 1992 kwa Toyota Celica, mwaka uleule alipotwaa ubingwa wa dunia wa mbio za barabarani kwa mara ya pili. Mshindi wa Safari ya 1975, Ove Andersson wa Uswidi, alianzisha timu ya Toyota ya Ulaya, na Toyota ilipoingia Formula 1 mwaka 2002, yeye ndiye aliyekuwa akiiongoza.

Juha Kankkunen, aliyeshinda hapa mwaka 1985 mara yake ya kwanza kujaribu, akarudia 1991 na 1993, alikuja kuwa miongoni mwa wakuu wa timu ya Toyota ya mbio za barabarani. Tope letu limetoa shahada nyingi.

Babu aliwapita vijana

Björn Waldegård alikuwa na miaka 46 aliposhinda Safari ya 1990. Rekodi yake ya dereva mwenye umri mkubwa zaidi kushinda mbio za ubingwa wa dunia ilidumu karibu miaka 32, hadi Sébastien Loeb alipoivunja Monte Carlo Januari 2022 akiwa na miaka 47.

Waldegård hakuwa amemaliza nasi. Mwaka 2011, akiwa na miaka 68, alishinda Safari ya magari ya zamani, na aliyemsomea njia alikuwa mwanawe Mathias. Mzee kushika usukani, kijana kushika ramani: ndivyo ujuzi unavyovuka nyumba bila kumwagika.

Wanawake hawakungoja kukaribishwa

Mwaka 1961, Anne Hall na Lucille Cardwell walimaliza Safari katika nafasi ya tatu kwa jumla. Si ya tatu kati ya wanawake. Ya tatu kati ya wote. Miaka ya 1970, Orie Rogo Manduli, aliyekuwa Miss Kenya mwaka 1964, alivaa kofia ya mbio akaingia njiani, akiwa mwanamke Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Na mwaka 2022 Maxine Wahome akawa mwanamke wa kwanza kushinda mbio za WRC3, daraja la ubingwa wa dunia, popote duniani, na "popote" hapo palikuwa Naivasha, kwenye Safari.

Pita gereji za Eastlands leo utakuta wasichana wenye ovaroli wameshika spana. Hawamshikii mtu, ni kazi yao.

Rubani alikuwa honi ya gari

Safari ya zamani haikufungiwa barabara. Dereva alipokuwa akiruka kwa kasi ya kutisha, mbele yake kulikuwa na ng'ombe, lori la kabichi na harusi ya watu. Ndiyo maana timu kubwa zilirusha helikopta mbele ya gari, rubani akitangaza kwa redio kilichopo baada ya kona, huku ndege ndogo zikizunguka juu zaidi kupokezana mawasiliano.

Magari yenyewe yalivalishwa vyuma vya kukinga pua, taa za ziada, na bomba la kupumulia linalopanda hadi paani ili injini isimeze maji ya mto. Hilo bomba utaliona hata kwenye magari ya kisasa yanapokuja Kenya. Duniani kote wana magari ya mbio. Gari la mbio lenye pua juu ya kichwa ni la kwetu.

Gari la mbio husimama kwenye taa nyekundu

Ndiyo, lile lile lenye nguvu kama za farasi 500 yalizokuwa nazo magari ya juu ya 2022 hadi 2024! Kati ya kipande kimoja cha mashindano na kingine, gari hutembea kwenye barabara ya kawaida. Lazima liwe na namba za usajili na bima, lifuate kikomo cha mwendo na kuheshimu taa kama matatu ya Umoja, na askari wa trafiki anaweza kulisimamisha.

Hii ndiyo tofauti yake kubwa na Formula 1, ambayo haitoki uwanjani. Bingwa wa dunia huweza kusimama kando yako kwenye foleni ya Naivasha, akingoja lori lipite.

Sekunde 1.80, au jioni nzima chini ya mti

Mwaka 2023 huko Qatar, mafundi wa McLaren walibadilisha magurudumu yote manne ya gari la Lando Norris kwa sekunde 1.80. Kwa muda huo makanga hajamaliza kusema "beba, beba!" Karibu watu 20 hulivamia gari, kila mmoja na kazi moja aliyoifanyia mazoezi mara maelfu.

Kwenye mbio za barabarani mambo hugeuka. Nje ya kituo cha huduma, wanaoruhusiwa kugusa gari ni wawili tu, dereva na mwelekezi wake, kwa vifaa walivyobeba humo humo. Ndipo unapomwona bingwa wa dunia amelala vumbini akifunga mkono wa gurudumu kwa mkanda. Wakifika kituoni mchana, mafundi wana takriban dakika 40 za kulifufua gari lililovunjika. Fundi wa Kariobangi aliyewahi kuambiwa "nataka gari saa nane" anaelewa kabisa.

Kuna kikomo cha matumizi, na bado kinatia kizunguzungu

Tangu 2021 timu za Formula 1 zimewekewa kikomo cha matumizi ya mwaka. Kilianza na dola milioni 145. Kwa viwango vya siku hizi hizo ni zaidi ya shilingi bilioni 18. Ukichukua matatu ya shilingi milioni 8, pesa hizo zingekununulia zaidi ya 2,200. Ungeweza kuipa kila njia ya Eastlands matatu mpya na bado ukabaki na za kupeleka Rongai.

Kikomo kiliwekwa kwa sababu nzuri: timu tajiri zilikuwa zikinunua ushindi kabla mbio hazijaanza. Sasa ubunifu wa mhandisi una thamani kuliko mfuko wa bosi. Mafundi wetu wamefuata kanuni hiyo tangu zamani, maana kikomo chao kimewekwa na mfuko wa mteja.

Kutoka saa hadi sekunde

Safari za miaka ya 1970 zilikuwa na kilomita kama 5,000, sawa na kwenda Mombasa na kurudi mara tano, na bado ukabaki na njia ya kumalizia. Ya 2021, iliporudi kwenye ubingwa wa dunia baada ya miaka 19, ilikuwa na kilomita 320 hivi za kushindana, na Sébastien Ogier akamshinda Takamoto Katsuta kwa muda usiofika sekunde 22. Kumbuka Joginder alishinda kwa zaidi ya saa moja na nusu!

Toyota ilishinda kila mwaka kuanzia 2021 hadi 2025, na mwaka 2022 na 2023 ikachukua nafasi zote nne za kwanza. Fundi wa Komarock anayekula chapati juu ya boneti ya Toyota Probox ana haki ya kutabasamu.

Na gari la waya je?

Hili ndilo gari la ajabu kuliko yote, na halina kiwanda. Lina fimbo ndefu ya usukani inayofika mkononi mwa mtoto anayekimbia nyuma yake. Lina ekseli, lina spring, na aliyekuwa hodari zaidi aliliwekea hata bamba la bati chini, kama lile la chuma linalokinga injini ya gari la Safari na kama lile ambalo mafundi wa Kariobangi Light Industries huchomelea matatu za Kayole hadi leo.

Nilidhani zamani kwamba mtoto yule alikuwa peke yake: mhandisi, fundi, dereva na tajiri wa timu. Nilipoliangalia gari vizuri nikaona sivyo. Waya aliuokota kaka yake karibu na mabati ya Kamukunji. Magurudumu yalikatwa kutoka kandambili kuukuu ya mama. Njia alionyeshwa na rafiki aliyekimbia mbele akipiga kelele, "Shimo! Kulia! Shimo!"

Huyo wa mbele ndiye mwelekezi. Jina lake halikutajwa redioni hata siku moja, na gari halikuanguka.